Pita Sligo: kwa mdau anayetaka kwenda Donegal kwa basi la moja kwa moja

Mkuu, usilipie hilo basi. Umeandika kwamba pasipoti yako ni ya Tanzania, viza yako ya Ireland ni ya kuingia mara moja, unatua Dublin, halafu unapanda basi la moja kwa moja hadi Donegal Town "linalopita Enniskillen, bei nzuri". Enniskillen haimo katika nchi iliyokupa viza. Iko kaunti ya Fermanagh, Ireland ya Kaskazini, na Ireland ya Kaskazini ni Uingereza. Ukipanda basi hilo utakuwa umeingia Uingereza bila viza, kisha unarudi Ireland mara ya pili kwa viza ambayo imeshatumika. Hata kama hukubanduka kwenye kiti chako.

Hili limenikuta mimi, ndiyo maana nimeshtuka kusoma uzi wako. Wakati wa kwenda hakuna aliyeniuliza kitu, na hapo ndipo nilipojisahau. Wakati wa kurudi, tulipokwisha kuvuka na kuingia Cavan, kaunti ya upande wa Ireland, basi likasimamishwa. Polisi wao, wanaitwa Garda, wakapanda na kupita kiti kwa kiti. Wenzangu wengi walionyesha leseni ya udereva, wakaachwa. Mimi nikatoa pasipoti yetu. Yule ofisa akaangalia viza, akaangalia muhuri wa Dublin, akaniuliza basi limetoka wapi. Nikamweleza ukweli. Akaniomba, kwa adabu kabisa, nichukue begi langu nishuke. Basi likaondoka.

Sina kinyongo naye, alikuwa anafanya kazi yake. Maswali yalikuwa mengi, simu zikapigwa, karatasi zikaandikwa, na mwisho wakaniruhusu niendelee hadi Dublin. Lakini ndege yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa imeshapaa. Tiketi mpya ya kukata papo kwa papo ilinigharimu kuliko safari nzima: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, vyote pamoja. Na deni halikuishia hapo. Fomu za viza zinauliza kama umewahi kupata tatizo la uhamiaji popote. Nilipoomba tena, nikajaza ukweli na kuambatanisha barua ya maelezo. Nikanyimwa.

Sasa nisikilize kuhusu watu watakaokwambia "hakuna mpaka". Mwenyeji wangu Dublin ni Mtanzania mwenzetu, ameishi kule miaka mingi na sasa ni raia wa Ireland. Nilimuuliza kabla ya kukata tiketi. Akanijibu, "Kaka, mpaka gani? Ulishaondolewa zamani." Kwake yeye ni kweli. Raia wa Ireland na Uingereza wana makubaliano yao, wanatembea na kuishi pande zote mbili bila kuulizwa. Ila kaka yangu alishasahau pasipoti aliyokuwa nayo zamani, akanipa ushauri wa pasipoti aliyonayo leo. Ninampenda, lakini mpaka leo linaniuma. Na wakala aliyenikatia tiketi ya basi pale Dar ndiye aliyenikasirisha zaidi, kwa sababu viza yangu aliishika mkononi, akaona imeandikwa kuingia mara moja, akapiga nakala, akachukua kamisheni yake. Mtu anayelipwa kwa kazi ya kusafirisha watu hakutazama ramani!

Na ukipita pale hutaona chochote cha kukuzindua. Usitegemee geti, foleni ya malori na dirisha la uhamiaji kama Namanga. Vituo vya jeshi viliondolewa baada ya makubaliano ya amani ya 1998. Unachoona ni vibao vya mwendo kubadilika kutoka kilomita kuwa maili, mstari wa pembeni mwa barabara kugeuka kutoka njano kuwa mweupe, masanduku ya posta kuwa mekundu badala ya kijani, na simu kukuletea ujumbe wa kukukaribisha Uingereza. Ukiona ujumbe huo, umeshavuka.

Kinachochanganya watu ni jiografia. Kisiwa cha Ireland kilipogawanywa 1921, jimbo la Ulster lilikuwa na kaunti tisa. Sita zikabaki Uingereza, tatu zikabaki upande wa pili, na Donegal ni mojawapo. Iko juu kabisa kaskazini, lakini ni ya Jamhuri ya Ireland, nchi iliyokupa viza. Karibu mpaka wake wote wa nchi kavu unapakana na Uingereza, isipokuwa kipande kidogo cha kusini, karibu na Bundoran, kinachogusa Leitrim, kaunti nyingine ya Jamhuri. Mlango wako ni hapo tu.

Kwa hiyo: pita Sligo. Panda treni stesheni ya Connolly, Dublin, hadi Sligo, mwendo wa kama saa tatu. Stesheni ya basi iko pale pale jirani. Chukua basi namba 64 linaloelekea Letterkenny, linapita Bundoran na Ballyshannon, na baada ya saa moja na kidogo uko Donegal Town. Njia nzima ni Jamhuri. Kaa upande wa kulia uuone mlima Benbulben. Ukikodi gari, fuata barabara ya N4 hadi Sligo kisha N15, na usiiamini ramani ya simu, kwa sababu inatafuta njia ya haraka na kutoka Dublin njia ya haraka ni hiyo hiyo ya Enniskillen. Weka Sligo kama kituo cha kwanza, ukifika ndipo uandike Donegal.

Na vijiji ulivyovitaja, viwili ni mtego ule ule. Belleek, wanakotengeneza vyombo vya kauri, iko kilomita chache tu kutoka Ballyshannon, lakini iko Fermanagh. Pettigo ndiyo hatari zaidi: mto unakipasua kijiji katikati, ng'ambo ya daraja ni Uingereza. Ukienda huko kwa ajili ya hija ya kisiwani katika ziwa Lough Derg, kisiwa hicho kiko upande wa Donegal, uko salama, ila usivuke daraja kwenda kunywa chai.

Elekea magharibi badala yake, huko hakuna mpaka wa kukusumbua. Killybegs ni bandari kubwa ya uvuvi, kula samaki hapo. Kisha Kilcar, halafu Carrick, na kutoka Carrick unapandisha kwenda Slieve League, majabali yanayoporomoka baharini kutoka mita 601. Majabali ya Cliffs of Moher wanayoyatangaza kila mahali yana mita 214. Glencolmcille kuna nyumba za makuti ya kwao, makumbusho aliyoanzisha padri James McDyer mwaka 1967 kijiji kilipokuwa kinakimbiwa na vijana. Mabasi ya huko ni machache sana, uliza ratiba ya kurudi kabla ya kupanda la kwenda. Na ukikata tiketi mtandaoni angalia sana: Carrick-on-Shannon iko njiani kwenda Sligo, siyo Carrick hii.

Kama ni lazima uione Derry au Belfast, miji ya Ireland ya Kaskazini, omba viza ya Uingereza kando, na hii ya Ireland iwe ya kuingia mara nyingi. Zote mbili, kabla hujaondoka nyumbani. Moja bila nyingine utakwama.

Tiketi ya hilo basi irudishe leo kama umeshaikata, hata wakikukata faini. Ukipata ya treni ya Sligo njoo uiweke hapa tuione.