Wasomaji Wauliza: Bunduki za Hewa na Vikorokoro Vyake

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza na Ujerumani, ambako bunduki ya hewa ni mchezo wa klabu na wa wikendi. Majibu yametolewa na mafundi wetu wa benchi.

Fundi, salaam. Nina bunduki ya springi aina ya HW97K, ya milimita 4.5, sasa ina mwaka. Mwanzoni risasi tano ziliingia karibu tundu moja kwa mita 25. Tangu nifunge darubini mpya ya 4-12x40 (inakuza mara 4 hadi 12, lenzi ya milimita 40), zinatawanyika kama mtama uliomwagiwa kuku. Jamaa wa klabu wanasema springi imekufa. Niagize nyingine?
*Msomaji, Leicester*

Usiagize kitu bado. Springi ndiyo ya mwisho kushukiwa, nawe mwenyewe umetaja kilichobadilika: darubini.

Anza na skrubu za kitako, maana hizo hazikugharimu hata senti. Mbili ziko ubavuni mwa mbao ya mbele, moja kila upande, na nyingine ziko kwenye kilinda triga. Bunduki ya springi hutikisika mara mbili kwa kila risasi. Pistoni ikianza kukimbia mbele, bunduki husukumwa nyuma. Ikigonga mto wa hewa mwisho wa silinda, bunduki hurushwa mbele. Mitikisiko ya wiki chache inatosha kulegeza skrubu yoyote. Zitoe, zifute mafuta, tia tone moja la gundi ya skrubu ya bluu (nyekundu haifunguki tena bila moto), kisha kaza hadi ziume. Ukisikia mbao inalia, umepita.

Ukimaliza hapo, njoo kwenye vishikio vya darubini. Juu ya HW97K kuna mfereji wa milimita 11 wenye vitundu. Kishikio cha nyuma kinatakiwa kiwe na pini inayozama kwenye kimojawapo cha vitundu hivyo. Bila pini, kishikio hutambaa nyuma milimita kwa milimita, na kila kikitambaa shabaha inahama. Ili ujue kama darubini yenyewe inateleza ndani ya pete, bandika kipande chembamba cha utepe kikigusa ukingo wa pete ya nyuma, piga risasi 50, kisha tazama. Ukiona mwanya kati ya utepe na pete, mwizi ameonekana. Skrubu za pete hukazwa kwa mkingamo, zamu kwa zamu, karibu nyutoni-mita 2, na mwanya wa kulia na kushoto ubaki sawa. Kukaza zaidi ya hapo kunaminya bomba la darubini, na lenzi za ndani hazisogei tena vizuri unapozungusha kitasa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, ishuku darubini yenyewe. Muulize aliyekuuzia kama imetengenezwa kuhimili bunduki ya springi. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimejengwa kuvumilia msukumo wa kurudi nyuma tu; huu mrusho wa kwenda mbele ndio unaozivunja ndani. Kioo kinabaki safi na krosi inaonekana imenyooka, lakini kila risasi inakwenda kwake. Kipimo chake ni rahisi: iazime darubini ya mwenzako, ifunge, piga risasi kumi. Kundi la matundu kwenye karatasi likikaza, umeshajua.

Kitu kimoja zaidi, nacho ni mkono wako. Bunduki hii usiilaze juu ya mfuko mgumu wa mchanga wala usiibane kama unayemkamata mwizi. Iweke juu ya kiganja kilicho wazi, karibu na kilinda triga, bega liiguse tu, uiache itikisike itakavyo. Muhimu iwe kwa namna ile ile kila mara.

Sasa springi. Azima kipima mwendo, piga risasi kumi za uzito unaoujua. Hesabu ya nguvu kwa jouli: uzito kwa gramu, zidisha kwa mwendo (mita kwa sekunde), zidisha tena kwa mwendo, gawa kwa 2000. Risasi ya gramu 0.547 ikienda mita 241 inatoa jouli 15.9, nayo ni bunduki nzima. Kikomo cha sheria huko kwenu ni futi-pauni 12, yaani jouli 16.3, kwa hiyo iko pale inapotakiwa. Ukipata mita 215, hiyo ni jouli 12.6, na hapo ndipo springi au sili (kizibo kinachozuia hewa kuvuja) inapoingia kwenye mazungumzo. Kabla ya kufungua, kata ukanda wa karatasi laini, uulaze juu ya mahali mtutu unapokutana na chumba cha hewa, upige risasi. Karatasi ikiruka, sili ya pale inavuja, na ni kazi ndogo kuliko springi.

Na unapopakia, usiuachie wenzo wa kukokia, ushike kwa mkono mmoja hata kama unaamini kufuli. Chumba kinachoteleza kikikurudia, kidole kinabaki humo.

Nimetia matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la hewa la bunduki yangu ya springi ili sili isikauke. Sasa inapiga kwa kishindo, inatoa moshi na harufu ya kuungua. Ni nguvu imeongezeka?
*Msomaji, Hamburg*

Imeongezeka, na ndiyo hatari yenyewe. Pistoni inapobana hewa ghafla, joto hupanda kiasi cha kuwasha mafuta, kama kwenye injini ya dizeli. Mlipuko huo unaunguza sili, unapinda springi, na bunduki yenye alama ya F ya jouli 7.5 inaweza kupita kikomo kinachoiruhusu kuuzwa hapo kwenu bila kibali. Acha kutia. Piga risasi nzito 20 hadi 30 mahali salama mpaka moshi uishe, na usipige kamwe ikiwa tupu kwa kudhani unaikausha, maana bila risasi hakuna mto wa hewa na pistoni inagonga chuma. Ikiendelea kutoa moshi baada ya risasi 50, ifunguliwe na kufutwa. Sili za kisasa za plastiki hazihitaji mafuta kutoka nje. Zile za ngozi za bunduki za babu ndizo zilizohitaji.

Bunduki yangu ni ya silinda ya kujazwa hewa, haina springi ya kukoki, milimita 5.5, risasi za gramu 1.03. Geji imeandikwa 190 lakini mimi najaza hadi bar 220 kwa pampu ya mkono nipate risasi nyingi. Kwa mita 35 risasi za mwanzo zinaanguka chini. Nimepima mwendo: ya 1 mita 158, ya 10 mita 168, ya 20 mita 174, ya 40 mita 173, ya 55 mita 166.
*Msomaji, Bristol*

Tunakushukuru kwa kuleta namba. Wengi huleta malalamiko tu.

Namba zako zinajieleza. Bunduki yako haina regyuleta (kidhibiti cha mgandamizo), hivyo nyundo inagonga vali moja kwa moja dhidi ya mgandamizo wa silinda. Mgandamizo ukizidi, vali inakuwa ngumu kufunguka, inafunguka kidogo na kwa muda mfupi, hewa inayotoka ni haba. Ndiyo maana ukijaza zaidi unapata mwendo mdogo. Mgandamizo ukishuka, vali inafunguka vizuri, mwendo unapanda hadi kileleni, kisha hewa yenyewe inapungua na mwendo unashuka tena. Tofauti ya 158 na 174 kwa mita 35 ni sentimita 4 hadi 5 za kuanguka. Risasi zako za mwanzo hazikosei, zinafuata hesabu.

Rudi kwenye 190. Kisha piga tena mfululizo, ukiandika geji pembeni ya kila risasi ya tano. Tafuta sehemu ambayo mwendo haupishani zaidi ya mita 5: inapoanzia ndipo pa kujazia na inapoishia ndipo pa kuachia. Ukikuta, tuseme, ni kutoka bar 185 hadi 120, bandika karatasi yenye namba hizo mbili kwenye pampu. Risasi 35 zinazokwenda pamoja zina faida kuliko 60 zinazopanda na kushuka. Zaidi ya hapo, namba iliyoandikwa na mtengenezaji ni ya usalama. Silinda haifanyiwi majaribio nyumbani.

Pampu: piga 60 hadi 80, pumzika dakika kumi au zaidi. Si huruma kwa mgongo wako. Pampu ikipata moto, sili zake zinalainika na unyevu unapita kuingia ndani ya bunduki. Fungua kitoa-hewa kila unapomaliza, uone kama kinatema maji. Kikitema, punguza kasi. Anayeweza kupata mtungi wa wapiga mbizi wa bar 232 au 300 afanye hivyo, ajaze polepole. Ni hewa tu inayoingia. Oksijeni ni bomu, na gesi nyingine za karakana usizijaribu.

Ikianza kuvuja usiku, paka maji ya sabuni kwenye tundu la kujazia na kuzunguka geji. Povu likionekana, mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa). Toa hewa yote kwanza, ndipo ufungue. Pima oringi ya zamani kwa kalipa, nunua ya ukubwa ule ule, ipake grisi ya silikoni kidogo tu. Grisi ya gari au mafuta ya kawaida yakikutana na hewa ya bar 200 yanaweza kuwaka.

Nimenunua makopo sita ya risasi za aina tofauti. Nichague vipi?
*Msomaji, Leeds*

Mtutu ndio unaochagua. Usafishe kwa kamba na vitambaa hadi vitoke vyeupe, kisha kwa kila kopo piga 20 za kuuzoesha na makundi matano ya risasi tano. Kundi moja zuri ni bahati. JSB Exact ya gramu 0.547 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa 4.5, angalia namba ya kichwa (upana wa kichwa cha risasi kwa milimita) kwenye kopo, 4.51 au 4.52, kwa sababu tofauti hiyo ndogo hubadilisha kundi. Tupa zilizopinda sketi, yaani ukingo wa nyuma wa risasi. Kichwa bapa kiachie karatasi ya mita 10, kikizidi hapo upepo unakibeba.

Ukiseti darubini kwa mita 25 na katikati ya lenzi ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu, tarajia risasi ya 4.5 kupiga karibu sentimita 2 chini kwa mita 5, sentimita 1 chini kwa mita 10, na sentimita 5 chini kwa mita 40. Kliki moja ya kitasa cha darubini, ya robo dakika ya pembe, ni milimita 1.8 kwa mita 25, kwa hiyo sentimita 4 ni kliki 22.

Mjomba wangu wa Leicester anataka kunipa bunduki yake ya hewa. Mimi naishi Glasgow. Je, na nikirudi nayo Mombasa?
*Msomaji, Glasgow*

Usiipokee kabla hujapata cheti. Uskoti inataka cheti cha polisi kwa bunduki za hewa tangu 31 Desemba 2016, hata kama mjomba hakuhitaji chochote. Ya Mombasa usijaribu kuificha kwenye sanduku. Ulizia kibali kwa polisi wa huko na kwa shirika la ndege, kwa maandishi, kabla hujakata tiketi.

Klabu yetu imepewa bunduki ya hewa ya mashindano ya mita 10, iliyotumika. Tukague nini?
*Msomaji, Muscat*

Tarehe iliyochongwa kwenye silinda. Watengenezaji wengi huipa miaka kumi, na kwenye mashindano ya ISSF (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha) silinda iliyopitwa ni jukumu la mpigaji mwenyewe. Ikiwa imepita, bei ya silinda mpya iingie kwenye hesabu ya zawadi hiyo.