Tulichobaki nacho baada ya Ebola ya Kivu Kaskazini

Mwenzetu ameuliza kama nchi iliyopitia magonjwa mengi ya mlipuko huwa tayari zaidi janga jipya linapoingia. Nitajibu kwa niliyoyaona. Tangu mwishoni mwa 2018 nilikuwa mfuatiliaji wa watu waliokaribiana na wagonjwa wa Ebola mjini Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), na Korona ilipothibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, nilihamishiwa Goma kwa kazi ileile. Uzoefu husaidia, ila huja na mazoea ambayo huchelewa kututoka.

Kwa upande wa utaalamu tulikuwa na bahati. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyechunguza Ebola ya kwanza Yambuku mwaka 1976, ndiye aliyekabidhiwa mapambano ya Ebola Julai 2019, kisha ya Korona. Mashine za GeneXpert, zinazojulikana kwa kupima kifua kikuu, zilikuwa zimekwisha kupima Ebola, na baadaye zikapima Korona kwa kubadilishiwa katriji, yaani kile kifaa kidogo kinachotiwa sampuli.

Lililotugharimu miezi kulijua halikuwa la maabara. Mwanzoni tuliingia mitaani kwa msafara wa magari. Mama mmoja wa Beni aliniuliza mlangoni kwake: “Mwanangu, watu wanachinjwa hapa kila mwaka, watoto wanakufa kwa malaria, wala hatujaona gari hata moja. Huu ugonjwa wenu una nini?” Sikuwa na jibu. Kura ya Desemba 2018 ilipoahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, waliosema kuwa ugonjwa ni siasa na biashara waliongezeka maradufu, na kusema kweli sikuwalaumu. Tulianza kupokelewa tulipoyaacha magari mbali, tukaingia kwa miguu pamoja na mkuu wa nyumba kumi na kijana wa mtaa uleule, anayejua mgonjwa huitwaje nyumbani na ni nani aliyemwosha marehemu. Goma, mwaka 2020, tulianzia hapo moja kwa moja.

Mazoea, kwa upande wake, yalitudanganya. Mtu mwenye Ebola haambukizi kabla ya dalili kuanza, kwa hiyo kipimajoto kwenye vizuizi vya barabarani kilikuwa na maana, na aliyemaliza siku 21 za kufuatiliwa bila dalili tulimuaga kwa amani. Korona huambukiza hata kabla mtu hajakohoa, nasi tuliendelea kuelekeza vipimajoto kwenye mapaji ya nyuso tukijiona tumeulinda mji.

Ebola ile ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na mikataba ya wengi wetu ikaisha nayo. Ilipozuka tena upande wa Butembo Februari 2021, ilizimwa kufikia tarehe 3 Mei ikiwa na wagonjwa 12 tu. Chanjo ilikuwepo, lakini walikuwepo pia watu wenye kuijua kazi. Mwenzangu mmoja, ambaye baada ya mkataba alikuwa amerudia kubeba abiria kwa pikipiki, aliripoti kazini na pikipiki yake hiyohiyo, akiwa na bunda la fomu tupu za 2019 alizokuwa amezihifadhi chini ya kitanda.