Dairekta anataka Kimathi afe vitani, je watazamaji watajali?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni kijana wa Kayole, naandika skripti ya muvi kubwa ya maisha ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau waliopigana na mkoloni Mwingereza. Tumekwama na dairekta wangu. Anataka mwisho ubadilishwe, Kimathi afe akipigana msituni badala ya kupigwa risasi na kushikwa, juu anasema hiyo ya kushikwa haina nguvu. Pia anataka General China, kamanda mwingine wa Mau Mau, atolewe kabisa na mambo yake apewe Kimathi, ndo majina yasiwe mengi. Mfano wake ni Braveheart, anasema ilijaa uongo, ikashinda Oscar tano na hakuna mtu alilalamika. Ako sahihi? Na tukiandika mwanzoni kwamba imetokana na hadithi ya kweli, hiyo inatuokoa?

JIBU: Ndugu yangu asante, na nafurahi umeuliza mkiwa bado kwa karatasi. Nimehariri skripti hapa Nairobi miaka mingi na watu wengi huniletea kazi ikiwa imeshashutiwa, hapo huwa hakuna la kufanya tena ila kukata.

Tuanze na Braveheart juu dairekta wako amekupa nusu ya habari. Ni kweli ilitoka 1995 ikachukua Oscar 5 pamoja na ile ya muvi bora ya mwaka, na ni kweli historia yake imevurugwa. William Wallace, yule Mskoti ndo steringi wa hiyo muvi, aliuawa London Agosti 1305. Yule Isabella wa Ufaransa wanaonyesha wakilala pamoja alikuwa mtoto wa kama miaka 10 wakati huo na alikuwa bado kwao, aliolewa 1308 na mwanawe Edward wa Tatu akazaliwa 1312, kwa hivyo ile mimba ya kwenye muvi haingewezekana hata kidogo. Mfalme Edward wa Kwanza naye wanamwonyesha anakata roho saa ile ile Wallace anauawa, na yeye alikufa 1307. Zile sketi za Kiskoti wamevaa, watu walikuja kuvaa hivyo miaka kama 300 baadaye. Wanahistoria wamelalamika tangu siku ya kwanza na hawajaacha, kwa hivyo ile ya hakuna mtu alilalamika si kweli.

Lakini kosa linaloniuma mimi kama mhariri ni daraja. Vita ya Stirling ya Septemba 11, 1297 inaitwa vita ya daraja la Stirling juu daraja ndo lilishinda. Waingereza walikuwa na wapanda farasi wazito, na mbele yao kuna daraja la mbao jembamba, farasi wawili tu ndo wanapita sambamba. Wallace na mwenzake Andrew Moray wakakaa kwenye mlima wakangoja, wakaacha sehemu ya lile jeshi ivuke, halafu wakashuka wakaziba njia, waliovuka wakakosa pa kurudi na wenzao wako ng'ambo wanaangalia tu watu wao wakiisha. Sasa angalia muvi, ni uwanja wazi, daraja hakuna, na Moray hayuko, yule aliyeumia pale pale na akafa kwa hayo majeraha hata jina hakupewa. Watu wanapaka rangi usoni wanapiga kelele wanashinda. Walitaka kumkuza Wallace na wakamnyang'anya kitu kikubwa zaidi alichokuwa nacho, ile akili ya kungoja. Hiyo ndo hasara sipendi, unamwondolea mtu ugumu aliokutana nao na ujanja aliotumia kuupita unaenda nao.

Na bado watu waliipenda, hilo sikatai. Chama cha SNP, kile kinachotaka Scotland ijitenge na Uingereza, kiligawa vipeperushi vya kampeni kikitumia hiyo muvi, na mwaka wa 1997 Waskoti walipopiga kura wapate bunge lao, kura yenyewe iliangukia Septemba 11, miaka 700 kamili tangu ile vita. Lakini Mskoti akitoka kwa sinema akitaka kuhakikisha, ako na mahali pa kwenda, mnara wa Wallace umesimama pale Stirling tangu 1869, vitabu viko, shule zinafundisha. Sisi je? Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 ya uhuru. Ile sanamu ya Kimathi hapo tauni karibu na ile iliyokuwa hoteli ya Hilton ilizinduliwa Februari 18, 2007. Mwaka huo huo wa 2003 tulimpokea mkulima kutoka Ethiopia kama kiongozi wa nchi tukiambiwa ni General Stanley Mathenge aliyepotea msituni, kisha vipimo vya DNA vikaonyesha siye. Watu waliamini juu walitamani sana awe yeye, na hawakuwa na mahali pa kuangalia. Hao ndo watazamaji wako. Kwa wengi wao muvi yako itakuwa ndo kitabu, na watoto wao watawasimulia vile mlisema nyinyi.

Sasa hiyo ya kufa vitani. Naelewa dairekta anafikiria nini, wengi wetu tumelelewa na vibanda vya video na sheria ya kwanza ya kibanda ni kwamba steringi hafi, na akifa lazima afe na watu mia. Lakini hebu fuata hiyo kamba uone inavuta nini. Kimathi alipigwa risasi ya paja na kushikwa alfajiri ya Oktoba 21, 1956 kando ya msitu huko Nyeri, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe. Ukimuua pale hakuna ile picha amelala na pingu mikononi, ile iko kwa fulana na kwa matatu kila mahali hapa Nairobi, na kila mtu atakayelipa tiketi anakuja nayo kichwani akiingoja. Hakuna kesi ya Nyeri ya Novemba. Na hiyo kesi ndo dhahabu, juu mtu aliyetafutwa msituni miaka hiyo yote na jeshi la dola nzima alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, hiyo tu, sheria za hali ya hatari zilifanya hiyo peke yake itoshe kukunyonga. Jaji Mkuu mwenyewe ndo alisikiliza. Rekodi za hiyo kesi zimechapishwa kitabuni 2017, tafuta usome maneno yake mwenyewe kabla hujaandika hata mstari mmoja wa yale atasema.

Tena ukimuua msituni hakuna gereza la Kamiti, hakuna Februari 18, 1957 siku aliyonyongwa, hakuna kaburi lisilojulikana ndani ya gereza, na hakuna Mukami. Mukami Kimathi aliomba mabaki ya mumewe miaka na miaka akafariki Mei 2023 bila kuyazika. Nchi nzima ilimjua huyo mama. Utaingiaje ukumbini na muvi ambayo hayo mateso yake hayana chanzo?

Kuna kitu kingine nashuku dairekta anakwepa hata kama hajasema. Aliyempiga risasi alikuwa askari wa kikabila, Mkikuyu mwenzake. Ukumbi wako utakuwa na wajukuu wa waliokuwa msituni na wajukuu wa homugadi, wale waliopigana upande wa mkoloni, wengine wako kwa familia moja, nyanya upande huu babu upande ule. Kufa vitani mbele ya mizinga ya Mwingereza kunawapa wote usingizi mzuri. Mimi nakusihi usiwape. Mwandikie yule askari sini yake, ako na hofu gani, ako na nani nyumbani, usimfanye shetani na usimsafishe pia.

Kwa General China jibu langu ni hapana, na hapa sibembelezi. China, jina lake halisi Waruhiu Itote, alikuwa Mlima Kenya, Kimathi alikuwa Nyandarua, hiyo ni misitu miwili na amri mbili. China alipigana Burma kwenye vita vya pili vya dunia, akashikwa Januari 1954, akahukumiwa kifo akasamehewa, akaingia kwenye mazungumzo ya kuwataka wapiganaji watoke, akafungwa gereza la Lokitaung pamoja na Kenyatta, akaishi hadi 1993. Ukimpa Kimathi hayo unatengeneza mtu ambaye hajawahi kuwepo. Na Kimathi hahitaji kuazimwa, alikuwa mwalimu, alikuwa karani wa tawi la KAU, kile chama cha siasa cha Waafrika wakati huo, na msituni alikuwa anaandika barua na kumbukumbu za mikutano bila kuchoka. Mtu mwenye nywele ndefu na koti la ngozi ya chui amekaa kwa baridi ya Nyandarua anapiga mihuri karatasi, hiyo kamera inaitaka yenyewe.

Usinielewe vibaya, kubadilisha utabadilisha, muvi ya masaa mawili na nusu haiwezi kubeba maisha ya mtu. Unganisha mikutano mitatu iwe mmoja. Wale wanawake kumi waliopeleka risasi na chakula wafanye wawili na uwape majina ya kubuni. Mazungumzo ya usiku kati ya mtu na mkewe nani alirekodi, buni, ila ubuni kutoka kwa tabia unazozijua. Kipimo changu ni kimoja, je haya mabadiliko yamegusa nani alifanya na kwa nini ilitokea? Kama yamegusa tarehe ama idadi ya watu kwa chumba, endelea. Kama yamehamisha lawama ama sifa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, rudi mezani. Chukua skripti yako upake rangi, kijani kwa kila kitu uko na karatasi yake, manjano kwa kilichosimuliwa na wazee, nyekundu kwa ulichobuni. Studio za Marekani mawakili huitisha skripti imeandikwa pembeni kila sini imetoka wapi, wewe fanya hata kama hakuna wakili. Ukiona kurasa kumi nyekundu zimefuatana, hapo ndo risachi yako iliishia. Nenda Nyaraka za Taifa hapo Moi Avenue, na uende Nyeri pia.

Nyeri nimeitaja kwa sababu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunaonyesha wazee sehemu ya filamu fupi niliyokuwa nahariri, kulikuwa na sini wanawake wanapeleka chakula msituni usiku wakiimba, na wimbo ulikuwa mtamu, niliupenda. Shosho mmoja aliyekuwa amebeba hicho chakula enzi zake akauliza, ni nani huyo alikuwa anaimba? Akasema sisi tungeimba tungekufa. Tuliutoa wimbo wote, ikabaki miguu kwenye majani, mmoja anabanwa na kikohozi na wote wanasimama. Tulipoionyesha tena Nairobi ukumbi mzima uliacha kutafuna. Kwa hivyo ukiniuliza kama watazamaji wanajali, wanajali sana, ila hawakupi orodha ya tarehe, wanakuambia kwa kupumua.

Ukimaliza kuunganisha muvi mara ya kwanza waonyeshe vijana wasiojua lolote, na usiwaulize kama wameipenda. Wapigie simu baada ya wiki uwaulize, Kimathi alishikwa vipi na nani? Yale watakujibu ndo muvi yenu inafundisha, yalinganishe na zile rangi zako.

Na yale maandishi ya mwanzoni, hayaokoi mtu, watu wengi hayo wanayaona kama nembo tu. Gandhi ya 1982, ile iliyobeba Oscar 8, ilianza kwa kukubali wazi kwamba maisha ya mtu hayawezi kutoshea kwa simulizi moja, na bado Wapakistani walikasirika vile Jinnah, mwanzilishi wa nchi yao, alionyeshwa, hadi 1998 ikatoka muvi nyingine ya Jinnah mwenyewe. Mimi ningeacha mwanzo bila maandishi na niweke mwishoni, mistari miwili mitatu mifupi, mkitaja wazi ni akina nani mmewabuni na mikutano gani mmeiunganisha. Halafu jina la Mukami na mwaka wake. Ukiandika kurasa za kesi nitumie, hizo nataka kuzisoma kabla dairekta hajaziona.