Bizimu la rangi tatu

SWALI: Bwana Mhariri, sonara mmoja wa hapa Bukavu anataka kuniuzia bizimu la zamani lenye mawe ya zambarau, meupe na ya kijani, akidai lilivaliwa na wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura. Nimwamini?
Mama msomaji, Kadutu

JIBU: Mama, rangi peke yake si ushahidi. Ni kweli kwamba chama cha WSPU, cha wanawake hao waliodai kura, kilichoongozwa na Emmeline Pankhurst, kilichagua rangi hizo mwaka 1908. Lakini amethisto (jiwe la zambarau), lulu nyeupe na peridoti (jiwe la kijani) zilipendwa na masonara wa huko hata kabla ya hapo, na wauzaji wa leo wanajua vizuri jinsi hadithi inavyopandisha bei. Cha hakika ni bizimu la Holloway, lililobuniwa na Sylvia Pankhurst, bintiye Emmeline, na kutolewa kuanzia 1909 kwa wanawake waliofungwa katika gereza hilo la London: lina umbo la lango la vyuma, alama ya Bunge la Uingereza, na juu yake mshale, alama iliyotiwa kwenye nguo za wafungwa, wenye rangi hizo tatu. Mwombe sonara akuonyeshe mhuri wa mtengenezaji, au karatasi za familia iliyolimiliki. Asipokuwa nazo, lipa bei ya madini na mawe tu.