Barua kwa mwanangu: usiache deni kwenye kadi makusudi

Mwanangu, baba,

Ndaga fijo kwa salamu, huku Uyole wote wazima, mvua zimeanza na viazi vimeshaingia shambani. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza kuhusu hiyo kadi ya mkopo waliyokupa huko Houston, yenye limiti ya dola 500, kama ni kweli anavyosema mwenzako wa kazini kwamba ukitaka skoo, zile alama za kuonyesha unaaminika kukopeshwa, ipande usilipe zote, uwe unaacha kadeni kidogo kila mwezi ili benki waone unaitumia. Na ukauliza kama unaweza kutoa cash humo ututumie tumalizie mabati.

Hilo la kuacha deni sio kweli baba, hata kidogo. Ule mkataba ulionitumia picha nimeusoma wote hadi yale maandishi madogo ya chini, na kwa miaka niliyokaa kamati ya mikopo pale SACCOS mambo ya riba hayanipiti. Skoo ya huko, ile ya FICO inayoanzia 300 mpaka 850, kitu cha kwanza inachoangalia ni kama unalipa kwa wakati, hiyo peke yake ni asilimia 35, halafu inafuata unadaiwa kiasi gani, asilimia 30, na humo ndo wanapima deni lako dhidi ya limiti. Hakuna sehemu wanakupa maksi kwa kulipa riba. Riba ni faida yao, wewe haikujengei chochote.

Sasa shika tarehe mbili, maana hapa ndo wengi wanachanganya. Kuna siku stetimenti, yaani hesabu ya matumizi yako ya mwezi, inafungwa na kuna siku ya mwisho ya kulipa, na katikati sheria ya kule inataka zipite angalau siku 21. Siku ya kufunga wanaandika deni lililopo, na mara nyingi ni namba hiyo hiyo wanayowapelekea Experian, Equifax na TransUnion, zile kampuni zinazotunza ripoti za madeni ya watu. Ni kama mwenye duka anayefungua daftari la madeni jioni moja tu kwa mwezi, alichokikuta kimeandikwa ndo hicho anachowaambia watu, hajui kama kesho yake asubuhi ulikuja kulipa. Kwa hiyo ukitumia dola 400 za chakula na mafuta ya gari, ukazilipa zote siku ya mwisho, riba hulipi kweli, lakini kwenye ripoti umeonekana umekula asilimia 80 ya limiti na skoo inashuka. Ila ukilipa 360 siku nne kabla ya kufunga, itasoma 40, yaani asilimia 8, halafu hiyo 40 unaimaliza kabla ya siku ya mwisho. Hela ni ile ile, umebadilisha siku tu. Wengi wanasema usizidi asilimia 30, mimi nasema kaa chini ya 10. Na mwezi mmoja ukizidi usikose usingizi, ukishusha deni na skoo inapanda tena.

Kuchelewa ndo kubaya. Zikipita siku 30 hujalipa wanaripoti, na hilo doa linaweza kukaa miaka 7. Kuna mzee mmoja wa mpunga kule Mbarali, mlipaji mzuri siku zote, rejesho moja likampita kwa sababu alikuwa msibani Kyela, hela anayo ndani, lakini msimu uliofuata kamati tulikaa mpaka saa kumi jioni tunabishana tumpe au tusimpe. Kwa hiyo weka kile kiwango cha chini wanachotaka ulipe kila mwezi kijikate chenyewe kwenye akaunti, ni kinga ya kusahau tu, usije ukafanya ndo malipo yako ya kila mwezi, maana ukishabakiza deni kile kipindi cha bila riba, zile siku 21 za katikati, kinapotea, hata mkate ulionunua leo unaanza kuhesabiwa riba leo leo, na kwenye mkataba wako ni karibu asilimia 25 kwa mwaka.

Cash usitoe humo, nakuomba sana. Wanakata ada pale pale, riba yake ni kubwa zaidi, na inaanza siku hiyo hiyo uliyotoa, hakuna cha siku 21. Hiyo ni kausha damu kabisa. Baba yako ameshafunika na turubai, tutaezeka tukiuza viazi, wala usijisikie vibaya.

Na hao wa madukani wanaokwambia chukua kadi yetu upate punguzo waache kwanza, kila ombi linaacha alama kwenye ripoti, hiyo moja inakutosha.

Leo ukitoka kazini ingia kwenye app yao uangalie stetimenti inafungwa lini, unitumie hizo tarehe mbili WhatsApp niziandike kwenye kalenda ya jikoni, nitakuwa nakukumbusha. Dada yako anakusalimia, anaulizia lile koti.

Mama yako