Majina ya Vijiji vya Sevenoaks

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Mwanangu amehamia wilaya ya Sevenoaks, katika jimbo la Kent, Uingereza. Je, majina ya huko yana asili, kama yetu ya Michenzani na Miembeni? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Yana asili, tena baadhi yake yamefuata njia ile ile ya miti, kwani Sevenoaks maana yake ni mialoni saba. Mialoni inayohesabiwa leo si ya kale: ilipandwa mwaka 1902 kando ya uwanja wa kriketi uitwao Vine, kwa heshima ya kutawazwa Mfalme Edward VII, na tufani ya Oktoba 1987 ikaiangusha sita kwa usiku mmoja, ndipo wenyeji wakapanda mingine.

Kijiji cha Otford ni kivuko cha mtu aliyeitwa Otta, nacho kilishuhudia vita mwaka 776; hapa wamefanana na sisi tunaosema Kwa Fulani. Kiishio “hurst” cha Penshurst ni kilima chenye msitu.

Linalonifurahisha zaidi ni la Edenbridge. Mgeni hudhani kuwa daraja lilipewa jina la mto Eden unaopita chini yake, kumbe ni kinyume: lilikuwa daraja la Eadhelm, jina likachakaa vinywani mwa watu, kisha mto wenyewe ukaitwa kwa kufuata mji.