Kiatu cha Barabara au cha Mlimani? Kwanza Hesabu Unashuka Mara Ngapi

Geti la kivuko la Magogoni, Dar es Salaam, likifunguliwa, hakuna anayemsubiri mwenzake. Mama mwenye beseni kichwani, vijana wa mikokoteni, bodaboda zinapiga honi, wote wanateremka kuwahi pantoni, nawe mwenye baiskeli unasukuma katikati yao. Siku ile nilikuwa nimevaa viatu vya baiskeli ya barabara: soli ya kaboni ngumu kama ubao, na chini yake kliti ya plastiki, yaani kile kipande kinachonasa kwenye pedali. Ule mlango wa chuma wa pantoni ulikuwa umelowa maji ya bahari. Nilipoukanyaga, mguu wa kulia ukateleza mpaka nikaanguka ubavu, baiskeli ikanilalia. Mama mmoja ndiye aliyeniwahi.

"Pole mwanangu. Ndiyo viatu gani hivi, havina hata mpira chini?"

Dukani hakuna aliyeniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilikuwa na baiskeli ya barabara, basi nikanunua viatu vya barabara. Tangu hapo watu wengi wameniomba ushauri, hasa wale wanaoanza kuendesha asubuhi na vikundi vya Masaki na Mbezi Beach, na karibu wote wanaanzia pale pale nilipoanzia: "Baiskeli yangu ni ya lami, kwa hiyo nichukue vya lami, si ndiyo?" Hapana. Baiskeli haina usemi mkubwa katika jambo hili. Kinachoamua ni pale mguu unapokanyaga ukishashuka.

Geuza kiatu utazame chini. Cha barabara kina matundu matatu ya bolti yaliyokaa kwa umbo la pembetatu, na kliti yake ni pana, ya plastiki, imetokeza nje ya soli. Ukisimama nacho, unasimama juu ya hiyo plastiki, vidole viko juu na kisigino kiko chini. Cha mlimani kina mifereji miwili mirefu yenye bolti mbili, kliti yake ni ndogo, ya chuma, na imezama ndani ya soli. Pembeni yake kuna meno ya mpira yanayogusa ardhi kabla ya chuma, ndiyo maana unaweza kutembea nacho karibu kama raba.

Tofauti hii ina historia yake. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vishikizo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1984 ikaleta wazo hilo kwenye pedali. Mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault alishinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli, akiwa nazo. Mshindani wa mbio zile hashuki njiani kununua maji. Gari la timu linamfuata. Kiatu chake hakikuhitaji kujua kutembea. Kampuni ya Shimano ya Japani ilipoleta mfumo wake wa SPD, huu wa kliti ndogo ya chuma, mwaka 1990, ilikuwa inamfikiria mtu wa porini, anayeshuka kwenye tope, anabeba baiskeli begani, kisha anapanda tena.

Sasa niambie, mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam anafanana na yupi kati ya hao wawili?

Mimi nikitoka Mwenge kwenda Kigamboni nashuka kwenye foleni iliyobana mpaka baiskeli haipiti, nashuka getini, natembea ndani ya pantoni, nikivuka nashuka tena kununua madafu, na ukiacha lami kuelekea Kimbiji kuna vipande vya mchanga ambavyo tairi nyembamba haiviwezi, unasukuma tu. Upande wa Pugu na Kisarawe ni udongo na kokoto. Wakati wa masika, hata mitaa ya Sinza unakuta dimbwi usilojua kina chake, na ukiwa na akili unashuka unapita pembeni. Kila hatua unayopiga na kliti ya plastiki inaila. Nimebadilisha kliti za barabara ambazo hazijamaliza msimu, kwa sababu ya lami na zege peke yake. Ya chuma, ile ya mlimani, imekaa mwaka wa tatu sasa.

Mchanga nao una lake. Kwenye mfumo wa barabara, punje chache zikikwama kati ya kliti na pedali, hunasi. Unakanyaga, unateleza, unakanyaga tena, huku daladala liko nyuma yako. Pedali nyingi za SPD zina nafasi wazi ya kupitisha uchafu, na zinanasa pande zote mbili, kwa hiyo huinamishi kichwa kutafuta upande sahihi. Pedali ya barabara kwa kawaida inanasa upande mmoja tu. Mtu anayeondoka kwenye mataa ya Morocco saa mbili asubuhi anahitaji macho yake mbele.

Na hapa ndipo wengi wanaponiuliza kama pedali za mlimani zitaingia kwenye baiskeli ya barabara. Zinaingia. Baiskeli karibu zote za watu wazima zenye kranki (ile mikono inayoshika pedali) ya vipande vitatu zina tundu la pedali lenye nyuzi za skrubu za inchi 9/16, ziwe za lami au za porini. Kumbuka tu kwamba pedali ya kushoto inafunguka kinyume na ulivyozoea. Nimeona mafundi wazuri kabisa wakiharibu kranki kwa kulazimisha.

Je, viatu vya barabara havina kazi hapa? Vinayo, na ninavyo jozi moja ninayoipenda sana. Jumapili tunapoondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Bagamoyo, barabara bado baridi, Tegeta na Bunju tunazipita kabla magari hayajajaa, na hatushuki mpaka tufike, ndipo natambua thamani yake. Kliti ile pana inasambaza uzito kwenye sehemu kubwa zaidi ya unyayo. Baada ya saa mbili unyayo bado umetulia, na soli haipindi hata ukisimama kupanda kilima. Kama hiyo ndiyo safari yako pekee, nunua vya barabara bila wasiwasi, na mfukoni weka vile vifuniko vya mpira vya kliti kwa ajili ya kutembea.

Ila usivikimbilie kwa kuogopa kwamba vya mlimani vitakupunguzia mwendo. Kwa mtu asiyeshindana, soli ngumu ya kiatu cha mlimani inatosha. Tatizo linakuja ukinunua kile laini, kinachopinda kama raba ya kawaida: kliti ndogo inasukuma sehemu moja, na baada ya kilomita 40 unahisi moto chini ya mzizi wa kidole gumba. Kabla ya kulipa, kishike kisigino na ncha, jaribu kukikunja. Kikikunjika katikati kwa urahisi, kirudishe. Mbele karibu na vidole kikipinda kidogo ni sawa, hapo ndipo panapokusaidia kutembea.

Wengi wetu tunanunua mitumba, na hilo si baya. Pale Karume nimepata kiatu kizuri kwa bei ambayo dukani nisingepata hata soksi zake. Lakini muuzaji mara nyingi hajui ameshika nini, atakuambia ni cha mpira wa miguu au cha gofu. Wewe hesabu matundu. Kisha angalia vichwa vya bolti kama bado vina pembe sita au vimelika na kuwa duara, tazama soli ya kaboni kama ina ufa karibu na matundu, na usiamini namba iliyoandikwa ndani mpaka uingize mguu. Nenda jioni, baada ya kushinda umesimama au umetembea. Joto letu linavimbisha miguu, na kiatu kinachokaa vizuri saa moja asubuhi kinaweza kukubana vibaya saa sita mchana. Soli ngumu haitanuki kwa kuzoea. Vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza, kisigino kisinyanyuke.

Kufunga kliti ni kazi ya kufanya kwa utulivu, maana ndiyo inayoamua afya ya magoti. Vaa kiatu, papasa kwa kidole utafute mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba, weka alama ya kalamu pembeni ya soli. Tafuta ule wa nyuma ya kidole cha mwisho, weka alama upande wa pili. Ekseli ya pedali ipite katikati ya alama hizo mbili. Kisha kaa juu ya meza, miguu ining'inie, utazame inaelekea wapi yenyewe. Wangu wa kushoto umeelekea nje kidogo, nami nimeuacha hivyo hivyo kwenye kliti. Nilipoulazimisha unyooke, goti liliuma wiki mbili. Kwa viatu vya barabara vya Shimano, rangi ya kliti inakuonyesha mguu una uhuru kiasi gani wa kucheza: njano digrii 6, buluu 2, nyekundu haichezi kabisa. Anza na njano.

Jambo moja ambalo sisi wa pwani hatuwezi kulipuuza: paka grisi kwenye bolti kabla ya kuzifunga. Chumvi ya bahari, jasho linalotiririka mpaka ndani ya soksi, na mvua, vyote vinaishia pale. Nilipeleka kiatu kwa fundi mzee wangu Kinondoni, bolti moja imeshika kutu haizunguki.

"Shikamoo mzee. Hii imegoma."

"Marahaba. Haijagoma, uliifunga kavu."

Aliidondoshea mafuta, akaiacha usiku kucha, asubuhi akaitoa taratibu kwa ufunguo wa aleni wa milimita 4. Sasa kila baada ya miezi mitatu nazifungua, nazifuta, napaka grisi, nazirudisha. Viatu vyenyewe navikausha kivulini na magazeti ndani, kamwe si juu ya bati, maana jua letu linabandua gundi ya soli.

Ukishavipata, usiingie navyo Barabara ya Bagamoyo siku hiyo hiyo. Kwenye pedali za SPD kuna bolti ndogo ya springi. Ilegeze mpaka kisigino kitoke nje bila nguvu. Shika ukuta, nasa, toa, nasa, toa, mara hamsini kila mguu. Halafu tafuta uwanja wenye majani, fanya hivyo ukiwa unaendesha polepole. Zoea kuutoa mguu wa kushoto kwanza, kwa sababu huku tunaendesha kushoto: ukikosea, utaegemea upande wa ukingo wa barabara na siyo upande wa magari. Na utoe mapema. Ukiona bodaboda imesogea mbele yako na taa yake ya breki imewaka, kisigino kiwe tayari kimeshatoka.